Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa

Katika hawa tuwakumbukao, waliopotelea baharini zama za vita, hatuna budi kumtaja Sultani Yusuf bin Hasan. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1614 baba yake alipouawa kwa hila za Wareno, hao hao waliotawala visiwa vyetu vya Kirimba. Wakamchukua Goa. Huko akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akatumika katika merikebu zao za vita hata akaijua kazi ya mizinga.

Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe mfalme chini yao. Yeye na kapitani wa Ngome hawakupatana. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapitani, akarejea hadharani katika Uislamu. Kudhulumiwa, alidhulumiwa, lakini miongoni mwa waliouawa siku zile walikuwamo mapadri, wanawake na watoto, na jambo hilo sheria yetu hairuhusu, wala hatulifichi kwa kuwa ni ndugu yetu.

Mapema mwaka 1632 manowari za Goa zilimjia, zikashindwa. Akajua zitarudi. Akaibomoa Ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu aliyowateka Wareno, akatweka. Tangu hapo makao yake yakawa bahari: Arabuni, Bukini, Visiwa vya Komoro, akiwawinda Wareno nao wakimwinda wasimpate. Mwaka 1635 walichonga juu ya mlango wa Ngome maneno ya kujisifu, naye yu hai bado.

Mwaka 1638 aliuawa na maharamia katika Bahari ya Sham, karibu na Jidda. Umri wake ulikuwa kama miaka 31. Allah amrehemu.