Epicurus: Bwana wa Bustani Aliyesingiziwa Ulafi

Mwaka 1993 nilikuwa kijana niliyetoka Pwani kuja kutafuta riziki Nairobi. Kazi yangu ilikuwa katikati ya jiji, na chumba changu Kawangware, upande wa magharibi. Mwezi ukipita nusu na mfuko umekauka, jioni hurudi kwa miguu. Njia yangu ilipita Kilimani na Lavington, penye majumba na bustani zake. Na kila lango nililolipita, moyo uliingia ndani, mimi nikabaki nje. Nikifika chumbani, sufuria yangu ya maharagwe naiona kama tusi.

Siku hizo, nikisha kuswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, nilikuwa nikiingia Maktaba ya McMillan iliyo jirani. Humo ndimo nilimosoma habari za Epicurus, Myunani. Nilimwendea kwa wasiwasi, kwani nilikwisha sikia kuwa alikuwa mtu wa tumbo. Wasomaji wangu, niliyoyakuta ni mengine kabisa.

Epicurus alizaliwa kisiwani Samos mwaka 341 kabla ya Nabii Isa. Wazazi wake walikuwa watu wa Athens, na babake alikuwa mwalimu wa watoto. Alipotimia miaka 18 alikwenda Athens kutumikia jeshi, kama ilivyokuwa ada. Baada ya kufa Alexander mwaka 323, jamaa zake walifukuzwa Samos pamoja na Waathens wengine, wakahamia Colophon. Hivyo basi, ukimbizi aliujua mapema. Alisomesha Mytilene na Lampsacus, na kiasi cha mwaka 306 akarudi Athens, akanunua nyumba na bustani, akafungua chuo chake. Mlangoni hakubagua: wanawake waliingia, na hata mtumwa wake, Mys, alisoma pamoja nao.

Vyuo vingine vilikuwapo, kila kimoja kikinadi njia yake ya furaha. Wafuasi wa Aristippus, mtu wa Cyrene katika Libya ya leo, walishikilia kuwa raha ni ile ya saa hii. Zeno, mzaliwa wa Cyprus, aliyefundisha barazani kandokando ya soko, alisema wema peke yake watosha. Mali na umaskini, raha na maumivu, havimwongezei wala kumpunguzia mtu furaha. Epicurus alikwenda njia yake. Kwake, raha ndiyo shabaha, lakini raha kubwa ni mwili usioumwa na moyo usiosumbuka. Matamanio aliyagawa mafungu matatu: ya maumbile na ya lazima, kama chakula na maji, ya maumbile yasiyo ya lazima, kama vyakula vya anasa, na yasiyo ya maumbile wala lazima, kama ukubwa na sifa. La kwanza hutoshelezwa na kidogo. La mwisho halina mwisho.

Wapinzani hawakumwacha. Diotimus, mtu wa chuo cha Zeno, alitunga barua 50 za aibu, akazieneza kwa jina la Epicurus. Ilhali mlo wake wa kawaida ulikuwa mkate na maji, na aliwahi kumwomba rafiki amletee jibini kidogo ili akipenda afanye karamu! Demetrius alipouzingira mji, kiasi cha mwaka 295, na njaa ikawa kali, Epicurus aliwagawia wenzake maharagwe kwa kuhesabu punje.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda, nikaikumbuka sufuria yangu.

Lakini lazima niseme wazi. Epicurus aliamini kuwa roho hufa pamoja na mwili, na kuwa miungu haina haja na walimwengu. Alitaka kuwaondolea watu hofu ya mauti kwa kuikana akhera. Huko Mwislamu hamfuati. Sisi twaogopa hesabu na twatumai rehema. Ama katika kukinai, niliyoyasoma yalinirudisha kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyetufunza hayo hayo tungali watoto, tukayasahau njiani.

Alifariki mwaka 270, umri wake kiasi cha miaka 72, baada ya siku 14 za maradhi ya jiwe lililoziba mkojo. Siku ya mwisho alimwandikia rafiki kuwa maumivu ni makubwa, lakini furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inayakabili. Akausia watoto wa marehemu Metrodorus, sahibu yake, watunzwe. Katika wasia wake alimwacha huru Mys na watumwa wengine watatu. Alikuwa ameandika vitabu kiasi cha 300. Vilivyotufikia kwa ukamilifu ni barua tatu na mikusanyo ya mafunzo mafupi.

Nami nilikuwa nimezikosa Idi mbili nyumbani, nikiona haya kwenda mikono mitupu. Mwaka ule nilikwenda, na nauli tu mfukoni. Mama hakulitazama begi. Aliniuliza mbona nimekonda, akanipakulia.