Mzee wa noti ya dola mia na kaye yake ya makosa



Noti ya dola 100 ikifika mkononi mwako, kitu cha kwanza ni kuigeuza na kuangalia kama haina mpasuko, juu ikipasuka hata kidogo tu hakuna mtu atakayeipokea sokoni. Ule mzee wa nywele ndefu aliye juu yake hatumuangalii sana. Wengi wanafikiri alikuwa perezida wa Marekani. Hapana, hakuongoza ile inchi hata siku moja. Jina lake ni Benjamin Franklin, alizaliwa Boston mwaka wa 1706, akafa Philadelphia mwaka wa 1790.

Ninamleta hapa juu ya neno lililosemwa katika mkutano wetu mmoja, wakati tulikuwa tunabishana amande ya wachelewaji. Mzee mmoja alituambia tuache kujisumbua, mtu akishakomaa habadiliki tena. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini Franklin alitumia karibu miaka makumi sita akijaribu kuonyesha kinyume cha neno hilo, na hesabu yake aliiandika mwenyewe, pamoja na mahali aliposhindwa.

Baba yake alikuwa anatengeneza mishumaa na sabuni, na watoto walikuwa wengi nyumbani. Benjamin alisoma shule miaka miwili tu, akatolewa akiwa na miaka 10. Alipofika miaka 12 akatiwa kazini kwa kaka yake James, aliyekuwa na mashine ya kupiga chapa, kwa mkataba wa kumtumikia mpaka afikishe miaka 21. James alikuwa anampiga. Mwaka wa 1723, akiwa na miaka 17, kijana akatoroka bila kuaga mtu. Akafika Philadelphia mchafu, amechoka, soksi na mashati yamejazwa mifukoni, na makuta kidogo sana. Akanunua mikate mikubwa mitatu, mmoja akaula akitembea barabarani, miwili akampa mama mmoja na mtoto wake waliosafiri naye mashuani. Kila mtu kati yetu aliyewahi kushuka kwenye boti ngambo ya ziwa bila kujua atalala wapi anaielewa ile asubuhi.

Tusimpambe lakini. Rafiki wa familia alimuaminia kazi ya kumpokelea deni, na ile feza Franklin aliitumia na marafiki zake. Alikuja kuirudisha miaka mingi baadaye, na faida juu. Alimuahidi binti mmoja, Deborah Read, ndoa, halafu akaenda London mwaka wa 1724 na kule akamuandikia barua moja tu. Deborah akaolewa na mwanaume mwingine, ambaye alimkimbia. Franklin alirudi mwaka wa 1726, na mwaka wa 1730 wakaanza kuishi pamoja kama bibi na bwana. Mambo ya namna hii aliyaita kwa lugha ya kazi yake: makosa ya chapa. Fundi akipanga herufi vibaya, anaweza kuisahihisha katika chapa inayofuata. Hapo ndipo imani yake ilikuwa.

Mwaka wa 1727 alikusanya wenzake, mafundi na makarani, wakaunda kikundi kilichokutana kila Ijumaa jioni. Kilianza na watu 12. Waliulizana maswali ambayo sekretere wetu angeyatambua: ni mgeni gani amefika mjini na tunaweza kumsaidia namna gani? Ni kijana gani ameanza kazi yake karibuni na anahitaji kusukumwa mbele? Nani biashara yake imeanguka, na sababu ni nini? Amande pia walikuwa nayo, lakini yao ilikuwa ya kinywa: mtu akisema jambo kwa jeuri, kama vile yeye peke yake ndiye anajua, analipa feza kidogo. (Ningependa tuijaribu kwetu mwezi mmoja tu. Kasha lingejaa.) Kutoka kwa hao watu ikatoka maktaba ya kuchangia mwaka wa 1731, wanachama 50, kila mmoja shilingi 40 za kuingia na 10 kwa mwaka, na mwaka wa 1736 kikundi cha kuzima moto.

Karibu na miaka hiyo ndipo alitengeneza kaye yake. Alichagua tabia njema 12: kula na kunywa kwa kiasi, kunyamaza inapofaa, utaratibu, kutimiza ulichoamua, kutotapanya feza, bidii, ukweli, haki, na nyingine. Akamuonyesha rafiki mmoja. Rafiki akamuambia kwa upole kwamba watu wanamuona mwenye kiburi, na akampa mifano mpaka akakubali. Basi akaongeza ya 13, unyenyekevu. Kila tabia ilipata ukurasa wake, uliopigwa mistari ya wino mwekundu, safu saba za siku saba za juma. Jioni anajikagua, na kila kosa linapata alama nyeusi. Hakuzishambulia zote mara moja. Juma la kwanza nguvu zote kwenye kiasi, juma la pili kwenye kunyamaza, na kuendelea. Majuma 13 yakiisha anarudi mwanzo, hivyo katika mwaka anazunguka mara nne.

Anasema alishangaa kuona makosa ni mengi kuliko alivyowaza. Alifuta na kuandika tena mpaka karatasi ikatoboka, akahamia kwenye vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, ambavyo alama ya penseli inafutika kwa sponji yenye maji. Iliyomshinda zaidi ni utaratibu. Karatasi zake zilitawanyika maisha yake yote. Hapo anatoa hadithi ya mtu aliyeomba mhunzi amngarishie shoka lake lote. Mhunzi akakubali, mradi mwenyewe azungushe jiwe la kunolea. Jamaa akazungusha, akachoka, akaona madoa bado yapo, akasema basi, shoka lenye madoa ndilo analolipenda. Franklin anakiri alikuwa karibu kusema vilevile. Kuhusu unyenyekevu anakiri kwamba alipata sura yake tu, na kwamba hata kama angekishinda kiburi, angejivunia ule ushindi.

Mimi ninayetembea na fomu za tathmini kila juma nimeipenda ile kaye kwa sababu moja: hakuna mtu aliyemuomba ripoti.

Sasa kuna madoa mawili ambayo hayakuwa madogo.

La kwanza ni watumwa. Yule kijana aliyetoroka kwa bwana wake alikuja kuwa na watu weusi kama mali nyumbani mwake, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Alipoenda London mwaka wa 1757 alichukua watumwa wawili, Peter na King. King akatoroka. Haki ilikuwamo kati ya zile tabia 13, na bado hali ilikuwa hiyo. Mwaka wa 1763 alitembelea shule ya watoto weusi Philadelphia, akaandika kwamba amebadili mawazo, akili zao ni sawa na za watoto wazungu. Hata baada ya hapo alikawia miaka mingi kabla ya kusimama mbele ya watu. Mwaka wa 1787, akiwa na miaka 81, alikubali kuwa perezida wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa. Februari 1790 sahihi yake ilikuwa kwenye barua iliyoombwa bunge liondoe biashara hiyo na utumwa wenyewe. Wabunge walijibu kwamba hawana uwezo huo. Miezi miwili baadaye akafa. Katika wosia wake alimsamehe mukwe wake deni kubwa, kwa sharti la kumpa uhuru mtumwa aliyeitwa Bob.

La pili ni mtoto wake, na hapa ninaandika polepole, juu najua katika wanachama wetu ziko familia ambazo vita viliwaweka ndugu pande mbili.

William alizaliwa nje ya ndoa, Franklin akamlea nyumbani. Walikuwa marafiki kabisa. Alimpeleka naye London, wakaishi pamoja, na William akafanywa guverneri wa New Jersey kwa jina la mfalme wa Uingereza. Vita vya uhuru vilipokuja, baba akawa mmoja wa wakubwa wa mapinduzi, mtoto akabaki na mfalme. Mwaka wa 1776 William akakamatwa. Bibi yake alikufa mwaka wa 1777, naye kifungoni, bila kuruhusiwa kwenda kumuona. Mwaka wa 1782 akaondoka Marekani kwenda Uingereza, na hakurudi tena kuishi kwao.

Mwaka wa 1784 William alimuandikia baba barua ya kuomba wapatane. Franklin alikuwa Ufaransa. Alijibu kwamba naye angependa, lakini katika barua ileile akaandika hakuna kitu kilichowahi kumuumiza kama kuachwa na mtoto wake wa pekee wa kiume. Mwaka uliofuata wakakutana Southampton, siku chache tu, baba akiwa njiani kurudi nyumbani. Kazi iliyofanyika pale ilikuwa ya karatasi: William akauza mashamba yake ya Marekani kwa mtoto wake mwenyewe, Temple, kulipa alichodaiwa na mzee. Hawakuonana tena. Wosia ulimuachia William karibu bure, na ukaeleza sababu: upande aliouchukua wakati wa vita.

Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka mwisho wa kusoma. Ile sehemu ya kitabu chake inayoeleza tabia 13, kurasa zenye mistari myekundu, na shoka lenye madoa, Franklin aliiandika Ufaransa mwaka uleule wa 1784, mwaka wa barua ya mtoto. Na kitabu chenyewe, alipokianza mwaka wa 1771 kabla ya vita, alikianza kama barua kwa William. Hakukimaliza. Kinakatika karibu na ile miaka baada ya 1757, wakati wote wawili wanakaa London katika nyumba moja.