Taaitta arap Toweett: Mzawa Aliyeisomea Lugha Yake

Taaitta arap Toweett alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Wakipsigis, iliyoitwa wakati huo wilaya ya Kericho na ambayo leo imegawanyika kuwa kaunti za Kericho na Bomet. Ilikuwa ndiyo miaka ambapo kampuni za Waingereza zilianza kupanda chai katika nyanda hizo. Wengi humkumbuka kama mwanasiasa. Makala haya yanamwangalia kwa jicho jingine: kama mtu aliyeinyonya lugha pamoja na maziwa ya mama, kisha, akiwa mtu mzima mwenye cheo, akaketi chini kuisomea kama somo. Sisi tulio katika idara za Kiswahili, ambako kila mwaka huingia wanafunzi wanaoamini kwamba Kiswahili cha nyumbani kinatosha kuwavusha, tuna sababu ya kuyatafakari maisha yake.

Alisoma katika shule ya Alliance na kisha Makerere. Mnamo 1952 na 1953 alihariri Ngalek ap Kipsigis, jarida lililoandikwa kwa Kikipsigis. Kazi hiyo haikuwa ndogo: mhariri hulazimika kuamua neno liandikwe vipi, jambo ambalo msemaji wa kawaida hana haja ya kuliwaza. Alikwenda Uingereza kusomea utawala, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1956, na mwaka 1958 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Aliunda chama cha Kalenjin Political Alliance, ambacho kilijiunga na KADU mwaka 1960, akashiriki mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, na akawa waziri hata kabla ya uhuru. Hayo wanahistoria wameyaeleza vya kutosha.

Mwaka 1969 aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu, na baada ya kuhamishiwa Wizara ya Nyumba mwaka 1974 alirejeshwa kwenye elimu mwaka 1976. Katika kipindi hichohicho alikuwa mwanafunzi wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977 alitunukiwa shahada ya uzamivu. Tulitazame jambo hilo kwa makini. Mtu aliyesimamia elimu ya taifa zima alikubali kazi yake isahihishwe na wahadhiri, tena juu ya lugha ambayo wengi wa wahadhiri hao hawakuweza kuizungumza!

Alijifunza nini ambacho hakukijua tangu utotoni? Chukua nomino. Mkipsigis husema lakwa na pia lakwet, yote mawili yakiwa na maana ya mtoto, na hakosei mahali pa kutumia umbo fupi wala umbo refu. Mwulize kanuni, atatabasamu. Huwaita watoto waliozaliwa mchana Kibet na Chebet, wa kiume na wa kike, bila kuwaza kwamba hapo pana viambishi. Hutofautisha maneno kwa toni, lakini katika maandishi ya kawaida toni hizo hazionyeshwi, naye husoma bila kugundua pengo. Wageni kama vile Hollis, aliyeandika juu ya Wanandi mwaka 1909, na baadaye Tucker na Bryan, waliziona kanuni hizi mapema kwa sababu ziliwakwaza. Toweett hakukwazwa na chochote. Ilimbidi ajifanye mgeni katika nyumba yake. Kwa maoni yetu, huo ndio ugumu hasa wa kusomea au kufundisha kitu ulichokizoea: ulimi hutangulia, na akili haioni haja ya kuufuata.

Hata hivyo, mazoea ni mtaji, hasa kwa mtoto. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule, Kiingereza kichukue nafasi hiyo katika darasa la nne. Katika vijiji vya Bomet lugha hiyo ilijulikana bila mjadala. Katika mashamba ya chai ya Kericho hali ilikuwa tofauti, kwani wachumaji walitoka katika jamii nyingi, Waluo, Waluhya na Wakisii wakiwemo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lakini kile kilikuwa Kiswahili cha kazini, chenye upatanisho wa kisarufi uliolegea. Mtoto wa shambani aliingia darasani akiwa na uhakika kwamba anakijua. Yule wa kijijini, ambaye lugha yake haina ngeli kama zetu, alijua kwamba hajui. Mwalimu aliyewatendea wote wawili sawa alimpoteza mmoja wao.

Toweett alipoteza kiti chake cha ubunge mwaka 1979. Mwaka huohuo zilichapishwa kazi zake juu ya isimu ya Kikalenjin na historia simulizi ya Wakipsigis, pamoja na kamusi ndogo ya mfukoni iliyoweka nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin bega kwa bega. Mwaka uliofuata aliteuliwa mwenyekiti wa Kenya Literature Bureau, na kati ya 1997 na 2000 alirudia uhariri, safari hii katika gazeti lake mwenyewe. Alifariki mwezi Oktoba 2007.