Imam Ghazali: Aliyeiacha Baghdad Akarudi Kwao Tus

 

Kumi la mwisho likifika unajua mambo yanavyokuwa. Mabasi hujaa watu wanaokwenda kwao kula Idd. Hukaa siku tatu, wakatoa sadaka, wakapiga picha, kisha hao wamerudi mjini. Huku nyuma madrasa inabaki na ustadhi mmoja na watoto wake. Basi leo hebu tumtazame mtu aliyerudi kwao akakaa. Naye si mwingine bali ni Hujjatul Islam, Imam Abu Hamid Al-Ghazali, Allah amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1058 (450 Hijria) huko Tus, katika nchi ya Khurasan, ambayo leo iko Iran. Baba yake alikuwa maskini, akiishi kwa kusokota sufu na kuiuza. Alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake aliyekuwa sufi, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo ili wasomeshwe. Akiba ile ikaisha, na yule mlezi mwenyewe hakuwa na kitu. Akawashauri waingie madrasa, maana wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Ndiyo, msomaji wangu, bahari hii ya elimu ilianza kwa mayatima wawili kutafuta cha kula. Baadaye Imam mwenyewe alikiri hivyo, ila elimu haikukubali isipokuwa iwe ya Allah.

Akiwa kijana alisafiri hadi Jurjan kusoma. Imesimuliwa kwamba njiani akirudi, wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua kila kitu, pamoja na daftari zake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie, kwani humo ndimo ilimokuwa elimu yake. Yule jambazi akamcheka: ni elimu gani hiyo inayoibiwa pamoja na mfuko? Daftari akarudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma. Akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Na wewe unayeweka masomo yako yote kwenye simu, hapo vipi?

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni, na baada ya mwalimu wake kufariki mwaka 1085, akaingia katika baraza la Waziri Nizam al-Mulk, ambaye naye asili yake ni Tus. Mwaka 1091 Waziri akampa kiti cha kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi! Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola walimheshimu. Hicho ndicho cheo ambacho sisi wa chuo kikuu tunakiota usiku na mchana.

Lakini alipoichungua nia yake, akaona anafundisha kwa kutaka jina na sifa. Kwa muda wa miezi sita hivi alivutana na nafsi yake, mpaka mwaka 1095 ulimi ukagoma. Anataka kusomesha, neno halitoki. Chakula hakipiti kooni. Matabibu wakasema maradhi haya yako moyoni. Akagawa mali yake, akaacha tu ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad. Alikaa Damascus akifanya itikafu katika msikiti wa Banu Umayya, akazuru Baytul Maqdis na Al-Khalil, akaenda kuhiji. Kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (A.S) aliweka ahadi: hatapokea pesa za watawala, hatakwenda kwenye mabaraza yao, wala hatafanya mijadala ya kushindana.

Kumbe moyo wa mzazi ni mzazi tu. Wito wa watoto wake ukamvuta nyumbani, akarudi Tus, ijapokuwa alikuwa amekusudia kukaa mbali na watu. Mwaka 1106 akashikiliwa na Waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, arudi kufundisha Nishapur. Akaenda, lakini hakudumu huko. Akarejea tena Tus, safari hii moja kwa moja.

Sasa angalia alivyostaafu. Hakukaa barazani kuhadithia ukubwa wake wa Baghdad. Kando ya nyumba yake alijenga madrasa ya wanafunzi na zawiya ya masufi. Akagawa wakati wake: kuhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Na yeye mwenye Ihya Ulumiddin akakaa tena kama mwanafunzi, akisikiliza hadithi za Bukhari na Muslim.

Mwaka 1110 hivi Baghdad ikamwita tena kwenye kiti kile kile. Akakataa. Akaeleza kwamba ana wanafunzi kama 150 pale Tus, ana familia, na ana ile ahadi ya Al-Khalil. Subhanallah! Aliona hao 150 wa kwao wana haki ya kutoachwa.

Jumatatu ya Disemba 1111, mwezi wa Jumada al-Akhira 505, alitawadha alfajiri akaswali. Nduguye Ahmad ndiye aliyesimulia: aliitisha sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, akalala kuelekea Qibla. Kabla jua halijachomoza sana alikuwa ameshaondoka. Akazikwa pale pale Tus, mji uliomlisha alipokuwa yatima.

Ndugu yangu, dada yangu, kwenda mjini au Ughaibuni kutafuta si haramu. Imam naye alikwenda. Lakini madrasa iliyokufundisha alif inakudai. Usingoje urudishwe kwenye jeneza ndipo kwenu wakuone. Idd hii ukifika, kabla ya kupanda basi la kurudi, pita pale, keti na wale watoto, wasomeshe japo darsa moja. Na umuulize ustadhi lini urudi tena.

Allah atutakase nia zetu na atukubalie saumu zetu. Amin.