John Gully: Kutoka gereza la wadaiwa hadi Bungeni

Mwaka 1805 John Gully, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa kifungoni London kwa madeni ya bucha la baba yake. Wapenzi wa ndondi walimlipia deni ili apigane na bingwa wa Uingereza, Hen Pearce. Alishindwa, lakini alipata jina.

Alipoachana na ulingo mwaka 1808, alifungua baa na kuanza kupokea dau kwenye mbio za farasi. Kazi hiyo ilikuwa ya daftari na kumbukumbu: mpokea dau alisimama katikati ya umati, akataja kila farasi atalipa mara ngapi, akaandika jina na kiasi. Fedha zilifuata siku ya hesabu, London. Sheria haikutambua dau kubwa kama deni, hivyo asiyelipa hakushtakiwa. Alikosa wateja tu.

Mwaka 1827 Gully alimnunua Mameluke, mshindi wa Derby, kwa zaidi ya pauni 4,000, akamwekea dau zito katika St Leger, mbio kuu za tamasha la Doncaster. Uanzishaji ulivurugika mara kadhaa, Mameluke akaachwa nyuma, na Matilda akashinda. Hasara ilitajwa kufikia pauni 40,000, fedha za kumfanya mtu atoroke usiku. Gully alilipa yote.

Miaka mitano baadaye farasi wake St Giles alishinda Derby, na Desemba akachaguliwa mbunge wa Pontefract. Alifariki Durham mwaka 1863, akiwa mmiliki wa migodi ya makaa ya mawe na baba wa watoto 24.