Igor Sikorsky

Igor Ivanovich Sikorsky (Kiev, 25 Mei 1889 - Easton, Connecticut, 26 Oktoba 1972) alikuwa mhandisi na rubani aliyezaliwa katika Dola la Urusi na baadaye akapata uraia wa Marekani. Anajulikana kwa kuunda ndege ya kwanza yenye injini nne, ndege kubwa za kutua majini, na hasa helikopta yenye rafadha kuu moja juu na rafadha ndogo mkiani. Muundo huo ndio unaotumika hadi leo katika helikopta nyingi duniani. Kazi yake ilianza na modeli ndogo aliyojitengenezea akiwa mtoto, ikafikia helikopta za kijeshi zenye uwezo wa kunyanyua magari na hata ndege nyingine.

Utoto na modeli ya kwanza

Sikorsky alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watano. Baba yake, Ivan, alikuwa profesa huko Kiev na mtaalamu wa magonjwa ya akili. Mama yake, Mariya, alisomea udaktari lakini hakuifanya kazi hiyo. Alibaki nyumbani, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Alimsimulia habari za Leonardo da Vinci, ambaye karne nne kabla alichora chombo cha kupaa wima mithili ya parafujo inayojipenyeza hewani. Pia mtoto alipenda sana hadithi za Jules Verne.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alitengeneza modeli ya helikopta iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Mpira ulipoachiwa ulijisokotoa, ukazungusha mapanga, na modeli ikapanda hewani.

Mwaka 1903 alijiunga na shule ya wanamaji ya Sankt Peterburg. Mwaka 1906 aliiacha kwa sababu alitaka kuwa mhandisi, akasoma kwa muda mfupi Paris, kisha akaingia Taasisi ya Politekniki ya Kiev. Katika kiangazi cha mwaka 1908, akiwa Ujerumani pamoja na baba yake, alipata habari za ndugu Wright wa Marekani na ndege yao. Tangu hapo aliamua kwamba kazi yake itakuwa ya angani.

Helikopta zilizoshindwa

Mwaka 1909 dada yake Olga alimpa fedha za kwenda Paris, akanunua injini ya Anzani yenye nguvu farasi 25. Aliporudi Kiev aliunda helikopta yake ya kwanza. Haikuruka. Ya pili, ya mwaka 1910, iliweza kujinyanyua yenyewe, lakini haikuweza kumbeba rubani.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ndiyo tofauti kati ya modeli na chombo chenyewe. Ukikikuza kitu mara mbili kwa urefu, upana na kimo, eneo lake huongezeka mara nne, lakini uzito wake huongezeka mara nane. Kwa hiyo modeli nyepesi hupaa kwa nguvu ya mpira tu, ila chombo cha umbo lilelile kilichokuzwa hadi kumbeba mtu huhitaji injini yenye nguvu nyingi na uzito mdogo. Injini ya namna hiyo haikuwepo mwaka 1909. Sikorsky aliiweka helikopta kando, akageukia ndege za mabawa. Hakuunda nyingine kwa karibu miaka 30.

Ndege za injini nyingi

Ndege yake ya pili, S-2, iliruka Juni 1910. Mwaka 1911, akiwa na S-5, alipata leseni ya urubani namba 64. Wakati mmoja injini ya ndege hiyo ilizimika angani, akalazimika kutua kwa dharura. Alipochunguza aligundua kwamba mbu alikuwa ameziba njia ya mafuta katika kabureta. Kutokana na tukio hilo aliona kwamba maisha ya watu hayapaswi kutegemea injini moja.

Mwaka 1912 alikuwa mhandisi mkuu wa tawi la ndege la kiwanda cha Russo-Balt huko Sankt Peterburg. Mwezi Mei 1913 aliirusha Russky Vityaz, ndege ya kwanza duniani yenye injini nne. Wataalamu wengi walikuwa wametabiri kwamba ndege ya ukubwa huo haitatawalika. Iliyofuata, Ilya Muromets, ilisafiri mwaka 1914 kutoka Sankt Peterburg hadi Kiev na kurudi. Ilikusudiwa kubeba abiria, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza iligeuzwa kuwa ndege ya kudondosha mabomu, na zaidi ya 70 ziliundwa.

Uhamishoni Marekani

Baada ya Mapinduzi ya Oktoba 1917 kazi yake ilisimama na maisha yake yakawa hatarini. Mwaka 1918 aliondoka Urusi kupitia Ufaransa, akafika New York mwezi Machi 1919. Hakuwa na fedha wala kazi ya uhandisi. Alijikimu kwa kuwafundisha hisabati wahamiaji wenzake kutoka Urusi.

Mwaka 1923 alianzisha kampuni yake kwenye shamba la kuku la rafiki huko Long Island, akisaidiwa na Warusi wenzake ambao wengi wao walikuwa hohehahe. Mwanamuziki Sergei Rachmaninoff alitoa dola 5,000 na kukubali kuwa makamu wa rais wa kampuni. Ndege ya kwanza, S-29-A, ilianguka katika jaribio lake la kwanza mwaka 1924, ikatengenezwa upya, ikaruka vema.

Pigo kubwa zaidi lilikuja tarehe 21 Septemba 1926. Ndege S-35, iliyotayarishwa kwa safari ya rubani Mfaransa René Fonck kutoka New York hadi Paris bila kutua, ilianguka na kuwaka moto ilipokuwa ikijaribu kupaa ikiwa na mzigo mkubwa wa mafuta. Watu wawili kati ya wanne waliokuwemo walikufa.

Kampuni iliokolewa na S-38, ndege ya injini mbili inayotua nchi kavu na majini. Mwaka 1928 Sikorsky alipata uraia wa Marekani, na mwaka 1929 kampuni ikahamia Stratford, Connecticut, ikiwa sehemu ya shirika la United Aircraft. Ndege zake kubwa za S-40 na S-42 zilitumiwa na Pan American.

Ndege zake zilifika Afrika Mashariki pia. Miaka ya 1933-1934 wapiga filamu Martin na Osa Johnson walizunguka Afrika kwa S-38 iliyopakwa milia ya punda milia na S-39 iliyopakwa madoa ya twiga, wakaruka juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Kurudi kwenye helikopta

Mwaka 1931 aliomba hataza ya helikopta, akaipata mwaka 1935. Tarehe 14 Septemba 1939, akiwa na umri wa miaka 50, aliirusha mwenyewe VS-300 ikiwa imefungwa kwa kamba. Ilikuwa na injini ya nguvu farasi 75, na ilibaki hewani kwa sekunde chache tu.

Tatizo kuu lilikuwa hili: rafadha kubwa inapozunguka upande mmoja, mwili wa chombo hutaka kuzunguka upande wa pili. Wahandisi wengine walitumia rafadha mbili kubwa zinazozunguka kinyume. Sikorsky alitumia rafadha ndogo mkiani inayousukuma mkia na kuuzuia usizunguke. Tarehe 13 Mei 1940 VS-300 iliruka bila kamba, na tarehe 6 Mei 1941 iliweka rekodi ya dunia kwa kukaa hewani zaidi ya saa moja na nusu.

Kutokana nayo ilizaliwa R-4 ya mwaka 1942, helikopta ya kwanza kuundwa kwa wingi. Mwezi Aprili 1944 rubani Carter Harman aliitumia kuwaokoa watu wanne katika misitu ya Burma, akiwabeba mmoja mmoja kwa sababu haikuweza kubeba zaidi. Novemba 1945 helikopta aina ya R-5 iliwavuta kwa kamba watu wawili kutoka jahazi la mafuta lililokwama kwenye dhoruba karibu na pwani ya Connecticut. Helikopta zake ziliuzwa hasa kwa majeshi, lakini Sikorsky mwenyewe alithamini zaidi habari za watu waliookolewa.

Helikopta kubwa za kijeshi

S-56 ya mwaka 1953 ilikuwa na injini mbili na iliweza kubeba magari madogo ndani yake. Sikorsky alistaafu mwaka 1957 lakini aliendelea kuwa mshauri. S-64, iliyoruka Mei 1962, ni kama winchi inayoruka: haina chumba cha mizigo, bali mgongo mwembamba unaoning'iniza mzigo chini. Jeshi la Marekani liliiita CH-54 na kuitumia Vietnam, pamoja na kazi nyingine, kurudisha ndege zilizoanguka. Siku hizi S-64 hutumika kuzima moto wa misitu. CH-53 iliruka mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1964; rafadha yake kuu ina mapanga sita na kipenyo cha mita 22.

Helikopta hizo hupendwa na watengenezaji wa modeli za plastiki, na huhesabiwa kuwa kazi ngumu. Katika kipimo cha 1:48, rafadha ya CH-53 huwa na kipenyo cha karibu sentimita 46. Mapanga hayo marefu lazima yaning'inie kidogo kwa usawa, kama yanavyolegea kwenye helikopta halisi iliyosimama. Maungio marefu ya mwili hujazwa na kupigwa msasa bila kufuta mistari midogo ya mabati.

Maisha binafsi na kumbukumbu

Kwa mke wake wa kwanza, Olga Simkovitch, aliyebaki Urusi, alipata binti mmoja, Tania. Mwaka 1924 alimwoa Elisabeth Semion, wakazaa wana wanne. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi na aliandika vitabu viwili kuhusu dini.

Alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alifariki nyumbani kwake Easton akazikwa Stratford. Taasisi ya Politekniki ya Kiev, pamoja na uwanja mmoja wa ndege wa jiji hilo, zina jina lake. VS-300 imehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, Michigan.