Anton de Bary, aliyefumbua siri ya kutu ya ngano

Ukikuta kwenye shina la ngano vumbi jekundu linaloshika vidole kama kutu ya jembe kuukuu, hiyo ni kutu ya shina. Wakulima wameijua kwa maelfu ya miaka. Aliyetufumbulia siri yake ni Mjerumani, Anton de Bary.

Alizaliwa mwaka 1831 mjini Frankfurt. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mmea huugua kwanza, kisha kuvu huzaliwa kutokana na ugonjwa. Mwaka 1853, akiwa na miaka 22 tu, de Bary alitoa kitabu kuonyesha kinyume chake: kuvu ndiyo inayoingia na kuleta ugonjwa.

Kwa kutu ya ngano lilibaki fumbo. Wakulima walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ngano iliyo karibu na kichaka cha miiba kiitwacho baberi huugua zaidi. Huko Massachusetts, Marekani, sheria ya mwaka 1755 iliamuru vichaka hivyo ving'olewe. Wasomi wengi hawakusadiki, kwa sababu madoa ya njano ya baberi hayafanani kabisa na vumbi jekundu la ngano.

De Bary akaamua kujaribu. Alichukua mabua yenye kutu nyeusi, umbo ambalo kuvu hujivika msimu ukiisha ili ivumilie baridi. Likichipua, umbo hilo hutoa chembe ndogo mno, na chembe hizo haziwezi kuambukiza ngano. Mwaka 1865 aliziweka kwenye majani ya baberi, madoa ya njano yakatokea. Kisha akachukua unga wa madoa hayo akauweka kwenye mimea ya nafaka, na kutu nyekundu ikarudi. Kumbe ni kuvu ileile, inabadili umbo na kuhama mmea! Wakulima walikuwa wamesema kweli.

De Bary alifariki mwaka 1888 mjini Strasbourg, alikokuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu kilichoanzishwa upya mwaka 1872. Miaka 30 baadaye, mwaka 1918, Marekani ilianza kampeni kubwa ya kung'oa baberi ili kuokoa ngano.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna majira ya barafu ya kuua ngano. Hivyo vumbi jekundu linaweza kuhama kwa upepo kutoka shamba hadi shamba bila kupitia kichaka chochote. Mwaka 1998 aina kali iitwayo Ug99 ilionekana Uganda, ikaishambulia ngano iliyokuwa ikihimili kutu, kisha ikasambaa nchi nyingine.

Kwa hiyo, mkulima, kagua mashina mapema, ng'oa ngano iliyojiotea baada ya mavuno, na umuulize afisa ugani mbegu zinazohimili kutu.